Kidaka Kitupu: Mjadala wa Watu Watatu Juu ya Uzuri na Maana

Arubaini ya mama ilipokwisha na masinia yakarudishwa kwa wenyewe, tulibaki watatu katika nyumba yake ya Lamu: mjomba, dada yangu na mimi. Mjomba ni fundi. Tangu ujana wake kazi yake ni chokaa: kuichoma, kuilowesha, kuipaka na kuichonga. Dada anasomesha fasihi katika shule moja ya sekondari huko bara. Mimi naandika, na mjomba hajawahi kuihesabu hiyo kuwa kazi.

Kilichotukalisha kitako ni ukuta. Chumba cha ndani cha mama kina vidaka, zidaka kama tusemavyo kwetu: safu juu ya safu za vijumba vilivyochongwa katika plasta ya chokaa. Zamani vilipangwa sahani za kaure zilizoletwa na majahazi. Vya mama vilibakiwa na sahani moja tu, nayo ina ufa. Unyevu umepanda kutoka chini, plasta imevimba na kuanza kumeguka. Kijana anayetaka kupanga chumba hicho ameomba jambo moja: vidaka vibomolewe, ukuta upigwe simenti, pawekwe kabati. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, kwa hiyo kuna ofisi za kuombwa ruhusa. Hilo tuliliacha la kesho. Usiku ule swali lilikuwa letu wenyewe: tukubali au tukatae?

Hatukuanza na ukuta. Dada, akiwa ameegemea mwimo wa mlango na kikombe cha kahawa mkononi, alisema kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate aliuona ukuta huu miaka mia mbili iliyopita, akautungia Al-Inkishafi. Basi tukaanzia hapo. Niliyaandika maneno usiku uleule. Nimeyafupisha, sikuyapamba, au labda nimeyapamba kidogo, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya ugomvi.

DADA: Mshairi anauambia moyo wake uamke. Anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate, taa zikiwaka hata usiku ukashindana na mchana. Kisha anauonyesha yalivyokuwa baadaye: popo darini, buibui wametanda, na mle ndani ya vidaka, zilimokuwa sahani, wamelala makinda ya ndege. Nikifika hapo darasani, wanafunzi hunyamaza. Wengi wao wamezaliwa mbali na bahari, hawajawahi kukiona kidaka kwa macho. Pate hawaijui wala hawana walichopoteza pale. Sasa wananyamazia nini?

MJOMBA: Wananyamazia mauti, mwanangu. Hayo hayana mgeni. Utungo ule ni wa mawaidha. Umeanza kwa jina la Mungu, na beti zake za mwisho zinataja mioto ya Jahannamu. Wewe umekwama katikati, kwenye vidaka, kama mtu aliyealikwa karamuni akashinda nje anasifu mlango.

DADA: Mlango umechongwa ili usifiwe, mjomba.

MJOMBA: Umechongwa ili watu waingie. Nakshi ni heshima kwa anayeingia. Tumeambiwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

DADA: Tumeambiwa pia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakukaa upande wa mtu mmoja.

MIMI: Lakini, mjomba, kama nia yake ilikuwa kuonya tu, mbona alijitesa vile? Kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya mwanzo inaimba kina kimoja, wa nne unarudi kwenye sauti ileile, ubeti baada ya ubeti, kama mtu anayeamka usiku kila saa kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Mtu anayeamini kwamba dunia ni hadaa, kwa nini aishughulikie dunia ya maneno kwa jitihada kiasi hicho?

MJOMBA: Kwa sababu alikuwa anataka maneno yafike. Bibi yangu hakujua kusoma hata herufi, lakini utendi wa Mwana Kupona alikuwa nao wote kifuani. Bila vina angeubeba kwa kitu gani? Kina ni kamba ya kisimani. Kamba hainyweki, lakini bila kamba hunywi maji.

DADA: Haya, tuushike huohuo wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, naye ni mgonjwa, kwa ajili ya bintiye. Anamfundisha dini, adabu, heshima kwa watu. Halafu anamfundisha kujipamba: mavazi, manukato, nywele, vito. Mafunzo yenyewe ameyafananisha na kidani cha shingoni. Mwanamke anayeona mauti yake yanakaribia anahangaika na udi wa mwanawe! Hiyo nayo ni kamba, mjomba, au ni maji?

MJOMBA: Hayo ni mambo ya ndoa ya zama zile. Mke alifundishwa kumpendeza mumewe.

DADA: Wasichana wangu darasani husema hivyohivyo, na huchachamaa. Wanauliza kwa nini mwanamke apambwe kama nyumba ya mtu mwingine. Nami nilikuwa nikiwaunga mkono, na mpaka leo sidhani kwamba wamekosea. Ila tangu mama alazwe nimeusoma upya. Siku zile nilikuwa nikimsuka nywele kitandani, naye hana nguvu hata ya kukaa, ananiuliza kama mstari umenyooka. Unyooke kwa ajili ya nani? Nani angemwona? Basi nikamwelewa Mwana Kupona upande ambao sikuwa nimeuona. Anajua bintiye atapendeza siku ambazo yeye hatakuwapo kumtazama. Anamtazama mapema.

MJOMBA: Hayo umeyatia wewe. Hayamo katika utendi.

DADA: Labda. Lakini utendi umeniachia nafasi ya kuyatia. Waraka wa wosia ungenipa orodha tu.

Hapo mjomba alinyamaza, akajimiminia kahawa. Nikaona ndiyo fursa ya kusema jambo lililokuwa limenikaa kooni.

MIMI: Mimi sikulia mazikoni. Sikulia kwenye hitima. Watu wakadhani nimejikaza kiume. Wiki ya tatu, niko Mombasa ndani ya matatu, dereva akafungulia taarabu ya zamani. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mapenzi, haukumhusu mama hata kidogo. Nikalia kwa kwikwi mpaka abiria wakasogea. Tangu siku hiyo naona haya. Kilichoniliza ni mama, au ni fidla?

MJOMBA: Ni fidla.

DADA: Mjomba!

MJOMBA: Ameuliza, nimemjibu. Mtu anayelia kwa wimbo hulia bure. Wimbo haumdai kitu. Ukiisha, anafuta macho na kuteremka kituoni. Maiti anadai. Anadai kuzikwa, kuombewa dua, kulipiwa madeni. Nikuulize, mwanangu: mama yako alikuwa na deni la dukani hapo mtaani. Ulilijua?

MIMI: Nililijua.

MJOMBA: Limelipwa na nani?

MIMI: Na wewe.

MJOMBA: Basi. Mimi sikulia kwenye matatu.

Sikuwa na jibu, na hata sasa ninapoandika sina. Ni kweli kwamba hisia inayoletwa na sanaa ni rahisi mno: haiombi nauli, haiombi kuamka usiku kumgeuza mgonjwa ubavu. Ni rahisi mtu akajiona ana moyo mpana kwa sababu ameguswa na shairi, huku jirani yake hajagusiwa hata mlango. Dada ndiye aliyenijibia, kwa kupita njia nyingine.

DADA: Mjomba, umelipa deni, na Mungu akulipe. Lakini usiudharau wimbo. Chukua mfano wa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, akakaa jela miaka mitatu. Humo alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Tungo hizo zilitoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ukizisoma utaona vina vimetimia na mizani imetimia. Sasa uniambie. Mtu yuko peke yake ndani ya kuta nne, hajui kama karatasi zile zitatoka salama, hana msikilizaji. Kamba yako ya kisimani anamteremshia nani?

MJOMBA: (baada ya kufikiri) Anajiteremshia mwenyewe. Mtu akiwa gizani hupapasa ukuta.

DADA: Kwa hiyo kina si kamba tu ya kubebea mafunzo. Ni ukuta wa kupapasa.

MJOMBA: Umenitega. Sawa, ni ukuta. Lakini ukuta ni kazi, mama, si urembo. Ukuta ukikosea kipimo unaangukia watu. Ndiyo maana hawa wa siku hizi, wanaotunga bila urari, siwaelewi. Guni tupu.

MIMI: Unamsema Kezilahabi?

MJOMBA: Simsemi mtu. Nasema guni.

DADA: Maneno hayo yalizua ugomvi mkubwa miaka ya sabini, mjomba, na kila upande ulikuwa na watu wenye akili. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziandika sheria za kutunga mashairi tangu mwaka 1954, na walioufuata mkondo wake waliamini kwamba utungo usio na vina na mizani haustahili kuitwa shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, akatoa Kichomi. Vina amevitupa. Mwaka huohuo akatoa Kichwamaji, riwaya ya Kazimoto, msomi anayeisaka maana ya maisha kila mahali na kuishia kujiua. Ukivisoma vitabu hivyo viwili pamoja unaona ni swali moja. Aliutazama ulimwengu asiione mizani yake, akaona ni uongo kuutilia mizani kwenye karatasi.

Nilitarajia mjomba acheke. Hakucheka. Aliinuka, akapitisha kiganja sehemu ya chini ya ukuta, pale palipovimba, na unga wa chokaa ukamwagika sakafuni.

MJOMBA: Kama ni hivyo, hapo hakudanganya. Ukuta huu wa matumbawe unavuta maji kutoka ardhini. Chokaa hupumua: maji yanaingia, yanatoka. Simenti haipumui. Ukiipaka juu ya unyevu, ukuta utapendeza miezi michache, na unyevu ukikosa pa kutokea utapanda juu zaidi, mpaka kwenye boriti. Fundi anayeficha unyevu ni mwizi. Kama huyo bwana aliona unyevu akakataa kuuziba kwa vina, nampa heshima yake. Ila asiseme kuwa chokaa ndiyo mbaya.

DADA: Unaona? Umesema lenyewe! Uzuri ni chokaa, na mahubiri...

MJOMBA: Nimesema juu ya ukuta. Usinifanye shairi.

Tukacheka wote watatu, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko kikatupa nguvu ya kugusa lililokuwa gumu zaidi.

MIMI: Kuna kitu kinanikera katika Al-Inkishafi yenyewe. Mshairi analilia waliolala katika vitanda vizuri. Simsikii akimlilia aliyechimba matumbawe, wala aliyekata mikoko ya kuchomea chokaa. Utajiri wa miji hii, Pate na Lamu pia, ulitegemea sana kazi ya watumwa. Sahani ziliwekwa vidakani ili mgeni ajue mwenye nyumba ni nani. Sasa sisi tunasimama hapa tunasifu uzuri, na uzuri wenyewe ulikuwa njia ya bwana kusema yeye ni bwana.

MJOMBA: Ongeza na hili. Tuliowavunja Pate ni sisi. Vita vya Shela, kama mwaka 1812, Pate na Mombasa walikuja kutupiga, wakarudi wameshindwa. Baada ya hapo Pate ikazidi kudidimia na Lamu ikanawiri. Unalia na makinda ya ndege katika kidaka cha Pate, na sahani zako zinang'aa katika kidaka cha Lamu.

DADA: Sikatai. Ndiyo maana nasema utungo umekuwa mkubwa kuliko nia ya mtungaji. Tazameni wafasiri walivyougawanya. William Hichens alipoutoa kwa Kiingereza mwaka 1939 aliuita kuamka kwa roho. James de Vere Allen, aliyewahi kuyasimamia Makumbusho yetu hapa Lamu, alipoutoa mwaka 1977 aliuita katekisimu ya roho. Mmoja amesikia mtu anashtuka usingizini, mwingine amesikia darasa la dini. Utungo ni uleule. Jina lenyewe kwa Kiarabu ni kufunuka, na kufunuka kuna pande zote mbili: unaweza kufunuliwa jambo na mwalimu, na unaweza kufunuliwa na upepo.

MJOMBA: Bado hujanijibu la kwanza. Uzuri kazi yake nini?

DADA: Nakujibu sasa. Huwezi kumwonya mtu juu ya kupotelewa na kitu asichokipenda. Ukimwambia mtu "dunia inapita", atakuitikia "kweli" na kuendelea kula. Mshairi alijua. Kwa hiyo kwanza akatupendezesha: akawasha taa, akapanga sahani, akatandika vitanda, mpaka nasi tukatamani kukaa humo. Ndipo akaleta popo. Bila uzuri wa mwanzo popo ni popo tu, kila pango wamo. Uchungu wa kupoteza ndio unaotujulisha kitu kilikuwa na maana gani, na uchungu hauji pasipo mapenzi. Kwa hiyo uzuri si asali iliyopakwa juu ya dawa. Ndiyo dawa.

Nilidhani hapo mjadala umekwisha, na kwamba dada ameshinda. Hoja yake bado naiona nzuri kuliko zote zilizosemwa usiku ule. Wanafunzi wake waliozaliwa mbali na bahari, nilifikiri, wananyamaza kwa sababu kwa beti chache wamepewa nyumba na kunyang'anywa. Nikamgeukia, nikauliza lile lililotukalisha.

MIMI: Kwa hiyo, dada, vidaka visibomolewe.

DADA: Vibomolewe.

MIMI: Unasemaje?

DADA: Vibomolewe. Nyumba inahitaji mpangaji, na kodi ndiyo itakayolipa paa kabla ya mvua za masika. Mama angekuwa hai angesema hivyo. Kidaka kisicho na sahani ni majivuno matupu, na umetuambia mwenyewe vilijengwa kwa majivuno. Huko Pate leo watu wanalima tumbaku katikati ya magofu, na hakuna aliyekosa. Nyumba zimekwenda, utungo umebaki. Kilichokuwa kizuri kimekwisha kuokolewa, kimo katika maneno. Ukuta hauna haja ya kusimama kwa ajili yangu.

MIMI: Na wewe mjomba? Ni pambo, si ndiyo?

MJOMBA: Ni pambo.

MIMI: Basi tumekubaliana.

MJOMBA: Mimi sibomoi. Na fundi mwingine akija, atanikuta mlangoni.

Dada alitua kikombe chini. Mtu aliyetumia usiku mzima kuutetea uzuri alikuwa tayari kuuvunja, na aliyeudharau alikuwa tayari kuulinda kwa mwili wake. Mjomba akachukua taa, akatuita karibu na ukuta.

MJOMBA: Hesabuni. Safu ya tatu kutoka chini, kidaka cha pili upande wa kibla. Tazameni ukingo. Mnaona nini?

MIMI: Majani. Kama ya kote.

MJOMBA: Tazama tena. Kote majani yanakwenda mawili mawili, kulia na kushoto. Hapa liko la tatu, dogo, limelala. Halikukusudiwa. Patasi iliteleza. Plasta ilikuwa imeanza kukauka, hawezi kuirudisha. Akafanya nini? Akaifuata alama ya kosa, akaizungusha, akaitia mshipa katikati, ikawa jani. Mwenye nyumba hakujua. Mama yenu ameishi humu miaka yote hakujua. Nimejua mimi kwa sababu nami patasi imeniteleza.

Tulisimama kimya. Taa ilikuwa ikitikisika mkononi mwake.

MJOMBA: Mnasema kilicho kizuri kimo katika maneno. Nionyesheni katika Al-Inkishafi palipo na mtu huyu. Hayumo. Huyu wa kalamu amesema kweli: mshairi alimkumbuka aliyelala kitandani. Huyu hakukumbukwa na mtu. Pengine alikuwa mtumwa, pengine mwungwana, jina lake silijui. Alikosea, akaona haya, akalitengeneza kosa lake likapendeza zaidi ya usahihi. Mkiubomoa ukuta, hata kosa lake halitabaki. Hili ni deni. Mimi silindi uzuri. Nalinda deni.

DADA: (kwa sauti ndogo) Hiyo ndiyo maana yenyewe niliyokuwa naitafuta, mjomba.

MJOMBA: Basi ilikuwa ukutani muda wote, na wewe umeegemea mlango.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilirudi peke yangu na tochi kulitazama lile jani. Nilijaribu kuligeuza kuwa wazo, kama ilivyo tabia ya watu wa kazi yangu: kwamba uzuri ni kosa lililopendwa, kwamba maana ni mkono unaofuata mahali ulipoteleza. Kila nilipolisema likawa kubwa kuliko jani lenyewe. Jani lina upana wa kidole gumba. Kiswahili chenyewe kimetuwekea mtego hapa, maana tukisema "mtu mzuri" hatutofautishi mara moja sura na tabia. Msikilizaji lazima asubiri sentensi inayofuata. Shaaban Robert alijaribu kuufungua mtego huo kwa kuwapa wahusika wake majina ya sifa zao, Adili, Utubora, ili wema utangulie mlangoni kabla ya sura. Mchongaji wa ukuta wetu hakuwa na jina la kumtangulia. Alichotuachia ni namna alivyoshughulika na kitu kidogo ambacho hakuna aliyekuwa akikitazama.

Nikaiona na ile sahani ya mama. Alikuwa akisema sahani ya kidakani ikipasuka yenyewe imelipokea jicho la hasidi lililomkusudia mtu wa nyumba, kwa hiyo haitupwi. Mimi nilizoea kulichukulia hilo kama imani za zamani. Usiku ule sikujali kama ni kweli au si kweli. Nilijali kwamba kwa muda wote ule kulikuwa na mtu aliyeitazama sahani yenye ufa akaona imefanya kazi ya kumlinda mwanawe. Na machozi yakanijia, bila fidla.

Hata hivyo mjomba hajashindwa. Machozi yale nayo hayakulipa kitu. Asubuhi nilimpelekea fedha za deni la dukani. Alizihesabu noti moja moja mbele yangu, akazikunja, akazitia mfukoni, asiseme ahsante, na nikajua amefanya hivyo kwa heshima.

Mpangaji tulizungumza naye. Kabati litakaa ukuta wa pili, naye atapunguziwa kodi kidogo. Dada hakufurahi, kwa sababu hesabu ya paa ni hesabu ya kweli na beti hazizuii mvua. Mpaka anaondoka kurudi shuleni alikuwa akishikilia kwamba tumefanya kosa, ila ni kosa analoweza kulifundisha. Mjomba alimjibu kwamba kama atalifundisha, asianzie kwenye vidaka. Aanzie kwenye unyevu.

Siku hiyohiyo mjomba alianza kuukwangua ukuta kutoka chini, akiacha sehemu nzima zisiguswe, akitoa zile tu zilizokufa. Chokaa mpya ilikuwa imeloweshwa pembeni. Mimi nilikaa juu ya jamvi na daftari, nikijaribu kukumbuka nani alisema nini na kwa mpangilio gani. Dada akapita na mkoba wake, akanitazama, akamwambia mjomba kwamba huyu hapa tayari anatugeuza maneno.

"Aandike," mjomba alisema bila kugeuka. "Lakini kwanza anishikie ndoo."

Nikaweka kalamu chini, nikaishika.